Mzingile wa Mabua

Mwaka ule serikali ilikuwa na akili nyingi, nyingi kupita kiasi. Ilikuwa imewaswaga watu wote wa juu ya Karurumo ndani ya kijiji kimoja cha Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya waasi, ikawazungushia mtaro wenye miti iliyochongwa ncha, ikawapa saa chache tu za kwenda shamba, na bado ikaona hawajateseka vya kutosha. Ikawaletea sinema.

Aliyeileta ni Mzungu mwembamba mwenye lori na kamera, na wanawake walimbatiza Bwana Picha siku hiyo hiyo. Alitundika shuka kwenye ukuta wa kambi ya homugadi, askari wa kienyeji wa serikali, akawaonyesha mambo ya kwao Ulaya. Palikuwa na bustani ya tajiri mmoja, imepandwa ua mrefu wa majani, na ndani yake vijia vinavyopinda na kuishia ukutani. Watu waliovaa vizuri walikuwa wakiingia humo wapotee kwa hiari yao.

Cicily alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Ati mtu anapanda ua, anaupogoa, halafu anapotelea ndani yake? Hawa wamekosa kazi!"

"Wape mtaro wachimbe," alisema Ednah, jirani yake. "Wataacha mchezo huo."

Kumbe Bwana Picha hakuwa anacheza. Kesho yake alieleza, kupitia kwa Misheck, karani aliyekuwa mkalimani wake, kwamba anataka kitu kama kile katika filamu yake mwenyewe. Kinaitwa mzingile, na huo mzingile utakuwa ndio msitu wanakojificha wapiganaji. Mtu akiiacha serikali anaingia humo, anazunguka mpaka anachanganyikiwa, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, na hapo mlangoni amesimama hedimani, mkuu wa kijiji wa serikali, na bendera. Basi, hadithi imekwisha.

"Ni sanaa," Misheck alisema, akijikuna shingo. "Kwao wasanii wanaupenda sana mzingile. Wanauchora, wanauweka kwenye sinema. Wanasema ndiyo maisha ya binadamu."

"Binadamu gani?" Cicily akamwuliza. "Yangu mimi yana mtaro na homugadi."

Misheck hakuitafsiri hiyo.

Na nani aliujenga mzingile wenyewe? Si wanawake wale wale! Walikata mabua ya mahindi, wakasimamisha mianzi, wakafunga kwa kamba za mgomba mpaka kuta zikapita urefu wa mtu. Bwana Picha alichora vijia chini kwa fimbo, lakini fimbo haijengi. Cicily ndiye aliyekuwa akipima kwa hatua zake pa kupinda na pa kuziba, na mikono yake ikachanika yote. Ilipokamilika, kazi hiyo ilimpendeza, hakatai. Kitu kilichonyooka kinapendeza hata kama mwenye kukuagiza humpendi.

Hapo ndipo hedimani Mwaniki alipomwita.

Mwaniki alikuwa mtu mnene wa sauti, aliyenenepa zaidi tangu apewe bunduki. Alimwambia Cicily kwamba amechaguliwa, kwa kuwa ni mrefu na sura yake inaonekana vizuri kwa mbali. Ataingia mzingileni na koti la mumewe, Munyi. Atahangaika humo kama mtu aliyepotea. Kisha atatokea mlangoni, apige magoti, atie koti motoni. "Filamu itapelekwa kule kambini kwa wafungwa, Munyi aione. Mwaka wa tatu huu amekataa kukiri kwamba alikula kiapo cha wapiganaji. Akikuona wewe, atalegea."

"Na nikikataa?"

"Wewe na mama mkwe wako mtafungiwa ndani wakati wengine wanakwenda shamba. Mtakula ukuta."

Cicily alirudi nyumbani miguu mizito. Bwana Picha, maskini, alidhani moto ni toba, uovu unaungua, roho inatakata. Hakuna aliyemwambia kwamba huku juu nguo ya mtu huchomwa akishakufa, na mkewe ndiye anayeiwasha, ili kila mtu ajue kwamba hana mume tena. Munyi angekaa kambini mbele ya lile shuka, katikati ya wanaume wenzake, amwone mkewe akimzika mzima mzima. Na hapo ni kweli angelegea. Nani asingelegea?

Alifikiri atajinasua kwa maneno. Akamfuata Misheck. "Sawa, nitachoma. Lakini nitapiga kelele kwamba nimelazimishwa."

Misheck alitazama viatu vyake. "Kamera hii haisikii, mama. Inaona tu. Sauti itatiwa Nairobi, na nitakayeitia ni mimi."

"Utasema nini?"

"Nitakachoambiwa."

"Mungu akuone, Misheck."

Mama mkwe wake, Kaari, alikuwa akimenya viazi aliposimuliwa yote hayo. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno makavu. Cicily alimwambia waziwazi kwamba anaogopa, si kwa ajili yake, bali kwa ajili yake yeye Kaari, maana njaa haimhurumii mzee.

"Mkamwana, njaa naijua mimi," Kaari alisema. "Nimelala nayo kabla hujazaliwa. Lakini kumzika mwanangu kabla hajafa, hapana. Sijui utafanya nini huko. Fanya tu."

Siku ya kazi jua lilikuwa kali. Bwana Picha alipanda juu ya lori na kamera yake ili auone mzingile wote kwa juu. Mwaniki alisimama mlangoni, kofia imenyooshwa, bendera mkono mmoja, na moto umeshawashwa miguuni pake. Wanawake walipangwa pembeni wawe watazamaji.

Cicily aliingia. Alipinda, akapinda tena, akishika kichwa kama alivyofundishwa. Alijua kila kona. Huku nje Mwaniki alikuwa akipayuka, "Kushoto! Pinda kushoto, mwanamke! Njoo huku!"

Alipofika katikati alisimama. Hasira ilimpanda ghafla, ikamjaa kifuani mpaka akaona atapasuka. Yaani nijenge mimi, halafu niongozwe ndani ya kazi ya mikono yangu mwenyewe? Nipige magoti kwa Mwaniki huyu? Akalivaa koti la Munyi, akafunga vifungo vyote. Kisha akaupa mgongo mlango wa Mwaniki, akaukabili ukuta, akaushika mwanzi na kuung'oa.

Ukuta wa kwanza ulianguka, wa pili nao. Vumbi lilitimka, mabua yakavunjika, na yeye anakuja tu, moja kwa moja, kuelekea lorini, anapiga kelele, "Munyi yuko hai! Munyi yuko hai!"

"Mkamateni!" Mwaniki alifoka.

Homugadi watatu waliingia mbio kupitia mlangoni. Wangezunguka nje wangemfikia mara moja, lakini mlango ndio walioambiwa. Mmoja aligonga ukuta, mwingine akapinda akarudi alikotoka, wa tatu akawa anaita wenzake kwa majina. Bwana Picha aliwaona wote kwa juu, na pembeni wanawake wakaangua kicheko ambacho kijiji kile hakikuwa kimekisikia tangu kijengwe.

Cicily alitokea mbele ya lori, mabua kichwani, damu viganjani. Mwaniki alimfikia akamzaba kofi. Aliyumba, lakini hakuanguka.

Bwana Picha aliteremka, uso umemwiva. Akasema kitu, Misheck akakitafsiri. "Anauliza kwa nini hukufuata njia. Anauliza kama ulipotea."

"Mwambie sikupotea. Njia niliijua, niliijenga mimi. Mwambie niliikataa."

Misheck akatafsiri, na kwa jinsi Mzungu alivyobadilika rangi, alitafsiri yote.

"Tutajenga upya!" Mwaniki akasema. "Mpelekeni huyu ndani. Ednah! Utaingia wewe. Leta nguo ya mumeo."

Ednah alikunja mikono. "Nguo ya kuchomwa? Wangu pia yuko hai."

"Wewe, basi!"

"Wangu pia yuko hai," alisema aliyefuata. Na aliyemfuata huyo akasema vivyo hivyo. Mwaniki akawa anarusha macho kutoka kwa huyu hadi kwa huyu, jasho linamtiririka, mpaka alipomfikia Ciarunji.

Ciarunji alikuwa mjane, na hapakuwa na asiyejua. Mume wake aliletwa kutoka msituni mwaka uliopita akiwa na risasi, akalazwa mbele ya kambi hiyo hiyo ili watu wote wamtazame, na nguo zake Ciarunji alizichoma kwa mkono wake. Mwaniki akaona amepata mtu.

"Wewe huna kisingizio," akamwambia. "Ingia."

Ciarunji alimtazama usoni, bila haraka.

"Wangu pia yuko hai," akasema.