Njiwa wa Chumvi

Shemeji yangu Adelard alichukua mawe ya marehemu mume wangu siku ya kuanua matanga, na hakuyachukua kwa siri. Alisimama katikati ya sebule yangu hapa Tandika, mbele ya ukoo mzima, akasema kazi za kaka yake haziwezi kubaki kwa mwanamke ambaye kesho ataolewa kwingine. Wazee wakaitikia. Watu wengine hugawana makoti na saa za marehemu. Yeye makoti aliyaacha, akabeba mawe.

Benedikto wangu alikuwa karani bandarini, lakini mwisho wa wiki alikuwa mtu wa mawe. Aliyaokota kila tuliposafiri, mengine akayanunua kwa wachimbaji wa Tunduru, akakaa uani akiyachonga kwa tupa na msasa mpaka nyusi zikawa nyeupe kwa vumbi. Jiwe jipya hakuliamini mpaka aliguse kwa ulimi. Likishapita hapo, alilitia kwenye beseni la maji ili rangi yake itoke. Nilimcheka sana, na mwisho nami nikashika tupa.

Katika mawe yote nililitaka moja tu. Ni kichwa cha kijani, ukubwa wa ngumi, na sura ni yangu. Alinikalisha kwenye kigoda jioni nyingi akinigombeza, "Tulia wewe, hiyo pua yako inanisumbua." Ndiyo kazi yake ya mwisho.

Nilimfuata Adelard kwake Mikocheni kukiomba. Kilikuwa ndani ya kabati la kioo, chini ya kiyoyozi, kama nyara.

"Shemeji, hayo ni mambo ya ukoo," aliniambia. "Wewe una picha zake, zinatosha."

Mkewe, Mama Noela, alitazama sakafu. Nilirudi nyumbani nimeuma meno, na naapa siku ile ningemwona anazama ningeuliza kwanza maji yana kina gani.

Baadaye jirani yangu Eufrazia, anayesali kanisa moja na Adelard, akaniletea habari. Kumbe shemeji amekuwa mchongaji. Kila parokia yao ikifanya maonyesho ya kazi za mikono, anaweka meza na kueleza alivyohangaika na kila jiwe.

"Na kile kichwa kasema kamchonga mama yake mzazi," Eufrazia alisema.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, tulikuwa hatufanani hata kucha.

"Tena anayatiaga kwenye beseni la maji, eti rangi ionekane."

Hapo nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Beseni la Benedikto alikuwa ameliona. Ulimi wa Benedikto hakuwahi kuuona.

Nilikuwa na taa ya chumvi, lile jiwe la rangi ya waridi linalowekwa balbu ndani, zawadi kutoka kwa walimu wenzangu. Nikalivunja. Kipande kikubwa nikakichonga njiwa, bila tone la maji, kwa kisu cha jikoni na tupa ya marehemu. Chumvi inachongeka vizuri, ila unyevu wa Dar hauna urafiki nayo: ukiiacha nje inatoa jasho. Kila nilipomaliza kazi nilimzika njiwa kwenye ndoo ya mchele na kufunga mfuniko. Wali wa siku hizo haukuhitaji chumvi. Sikuwa na huzuni wakati nachonga, nilikuwa na chuki, na chuki ilinipa mkono mtulivu. Mabawa yalitoka mazuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchonga.

Nikampigia simu. "Shemeji, nimekuta jiwe limefichwa kwenye ndoo ya mchele. Sitaki maneno na ukoo, njoo ulione."

Alifika chai yangu haijapoa. Akamwinua njiwa dirishani, mwanga ukapita ndani yake.

"Hii ni rozi kwotsi, kito cha waridi," akasema. "Tena daraja la kwanza."

"Una hakika?"

"Mie mawe nimezaliwa nayo, shemeji."

Nilimpa nafasi, Mungu shahidi. Nikamwambia, "Basi nirudishie kile kichwa tu, nami sitakudai kingine. Hata huyu njiwa mwache hapa."

Akacheka. "Vyote ni vya ukoo." Nikamfungia njiwa kwenye mfuko wa nailoni, nikamsindikiza hadi getini. Kiyoyozi chake kingemtunza mkavu.

Siku ya maonyesho nilivaa kitenge changu kipya. Meza ya Adelard ilikuwa na kitambaa cheupe na beseni kubwa la kioo lililojaa maji. Mawe yalikuwa yamelala humo, njiwa na kichwa changu vikiwa mbele. Alikuwa anawaeleza watu jinsi njiwa yule alivyomnyima usingizi miezi mizima. Nilisimama nyuma. Chumvi haina haraka, nami sikuwa nayo.

Mdomo ulitangulia kuondoka. Halafu jicho. Herieth, mama mmoja wa kwaya, akainama.

"Mzee Adelard, mbona njiwa wako anapungua?"

Adelard akatumbukiza mkono. Njiwa akamteleza kama sabuni. "Ni haya maji ya bomba," akasema, "dawa zimezidi." Watu wakaanza kucheka, naye alipoinua macho akaniona. Akaja mbio, akanivuta pembeni.

"Shemeji, umefanya nini? Waambie ni utani wetu wa kifamilia. Kichwa nakupa sasa hivi, chukua, yaishe."

Nikanyoosha mkono. Alikimbilia mezani, akakitoa majini, akakifuta kwa shati lake mwenyewe, akaniletea. Kilikuwa cha baridi, na pua ileile iliyomsumbua mume wangu. Nikakishika vizuri, nikarudi mezani.

"Jamani, onjeni maji hayo."

Herieth alichovya kidole. "Chumvi," akasema.

"Njiwa nimemchonga mimi, kwa chumvi. Aliyekaa na jiwe miezi mizima akilisaga na kumeza vumbi lake angekosaje kujua ni chumvi? Haya mengine yote kachonga Benedikto, mume wangu. Na huyu si mama wa mtu yeyote hapa." Nikakiinua kichwa kando ya uso wangu. Watu wakatazama huku na huku, wakianzia kwenye pua.

Mama Noela, aliyekuwa nyuma ya meza ya mumewe, alianza kuyatoa mawe majini moja moja na kuyapanga mbele yangu.

"Tulikubaliana, shemeji," Adelard alisema.

"Ulikubali wewe," nikamjibu. "Mie nilinyoosha mkono tu."