Penalti Iliyosubiri Posa

Kilnabrack, timu ya kandanda ya Kiayalandi ya watu kumi na watano, walikuwa na mchezaji mmoja wa kutosha timu nzima, Lorcan Tansey, na kama angegawanyika vipande kumi na vitano, kocha Packie Scanlon angeshamkata zamani. Kipa akiumwa jino, Lorcan. Beki akihamia Boston, Lorcan. Kiungo akioa na mkewe akamkataza tope, Lorcan tena. Hata refa alipochelewa siku moja, Lorcan ndiye aliyepuliza filimbi, na jambo la kwanza alilofanya ni kumtoa Packie nje kwa kosa la matusi. Raha ile ilimkaa moyoni mwezi mzima.

Sifa zote hizo hazikumsaidia kitu kwa Attracta Feeney, mpika chai wa klabu, ambaye Lorcan alikuwa amemposa mpaka posa yenyewe imeota mvi.

"Lorcan mpenzi," alimwambia huku akipaka mikate siagi, "mwanamume asiyetulia mahali pamoja saa nzima, nikiolewa naye nitamtafuta wapi? Cheza mechi moja, uimalizie pale pale ulipoianzia. Shela nitavaa siku hiyo hiyo ukitaka."

Kumbe ni hilo tu! Kabla ya fainali na Drumsheel, Lorcan akamkamata Packie shati.

"Leo nacheza mbele, karibu na lango lao, mpaka filimbi ya mwisho. Ukinihamisha, natundika viatu."

Packie akaapa kwa roho ya marehemu mama yake, ambaye alikuwa ndani ya gari pale pale, hai, anakula biskuti.

Basi Lorcan akasimama mbele kama aliyepigwa misumari. Mambo yakaenda vizuri hadi dakika za mwisho, Kilnabrack wakiongoza kwa pointi mbili. Ndipo sauti ya mke wa kipa ikapasua uwanja.

"Dinny! Ng'ombe anazaa! Miguu imetokea!"

"Ya mbele au ya nyuma?"

"Ya nyuma!"

Dinny akaruka ukuta akapotea na jezi yake. Hakuna aliyemlaumu; ndama wa kinyumenyume hangoji kombe. Mabeki wakababaika, wakamkwatua mtu wa Drumsheel mbele ya lango tupu. Penalti! Ikiingia wavuni ni pointi tatu, na kombe limekwenda.

"Lorcan! Golini!" Packie akabweka.

"Sitoki hapa."

"Nitakupigia magoti!"

"Piga. Tope ni lako."

Uwanja mzima ukamzomea. Yeye akakunja mikono, akamtazama Attracta kwa upendo. Attracta alikuwa amepanda juu ya kiti, uso umemwiva kama nyanya.

"Nenda golini, bwege wewe!"

"Si ulisema mahali pamoja?"

"Nilisema kabla hatujaongoza!"

Hapo Lorcan akaona mlango umefunguka.

"Utanioa, au hutanioa?"

"Mwanamke haoi, anaolewa! Kimbia!"

"Lini?"

"Pasaka!"

"Mbali. Padre Cormac yuko hapo, akuandike sasa."

Mpigaji wa Drumsheel akashindwa kuvumilia. "Dada, mkubalie basi, mguu unanipoa!"

"Jumamosi wiki tatu zijazo!" Attracta akapiga kelele. Padre akainua kidole gumba. Lorcan akatimua mbio, lakini refa akamzuia: kipa hawezi kuvaa rangi moja na wenzake. Attracta akavua sweta lake la zambarau, lenye vifungo vya lulu, akamrushia. Likamfika kitovuni.

Drumsheel walicheka mno, na mpigaji wao ndiye aliyecheka zaidi. Akapiga huku mabega yanamtikisika. Mpira ukamgonga Lorcan puani, ukapaa, ukatoka nje. Filimbi ikalia.

Watu wakalikimbilia kombe. Attracta akalipita, akapiga magoti kwenye tope na kumfuta damu kwa kitambaa cha vyombo.

"Ile Jumamosi," akasema polepole.

Moyo wa Lorcan ukashuka mpaka kwenye soksi. "Umebadili nia?"

"Kwa kuwa tumelichukua kombe, tunacheza na mabingwa wa kaunti ya Mayo siku hiyo. Ndoa itakuwa Ijumaa, asubuhi na mapema, usije ukachoka." Akamkagua pua kushoto na kulia. "Na Packie nimeshamwambia utacheza kati."