Friji la Mradi

Mashine ya oksijeni ilizimika saa nne asubuhi, mpira ukiwa bado puani mwa Raudha. Jenereta la hospitali lilikuwa limeishiwa dizeli. Nyuma ya ukuta, jingine liliendelea kunguruma.

“Hilo la nani?” Tabu alimuuliza nesi.

“La mradi, Mama Raudha. La friji.” Nesi Generosa hakumtazama. “Kajaribu kwa Bashiri.”

Tabu alilijua friji hilo. Tangu mwaka tisini na sita, kila baada ya miezi mitatu, alitoka kwake Masumbwe kuja kutolewa damu. Daktari Januari alimweleza kwa upole: wapo watu ambao damu yao ina protini zinazotuliza uvimbe ndani ya mishipa, ndiyo maana mishipa yao haikakamai hata uzeeni. Zikijulikana, itatengenezwa dawa. Tabu alipewa soda na mche wa sabuni, akatia dole gumba kwenye fomu.

Bashiri, mtunza maabara ya mradi, alisimama mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwanangu anakosa pumzi. Vuta waya mpaka wodini.”

“Jenereta hili dogo, halibebi vyote. Sampuli zikiharibika nafukuzwa kazi.”

“Na damu yangu imo humo?”

“Imo.”

“Basi imwage.”

Bashiri aliinamisha macho. “Ulitia dole, mama. Si yako tena.”

Tabu alipiga magoti. Bashiri naye akachuchumaa, akamshika mikono, akamsihi ainuke, watu wanaona. Waya hakuuvuta.

Raudha alikuwa kitinda mimba, miaka ishirini na mmoja. Kabla ya adhuhuri mbavu zake ziliacha kupanda. Generosa aliuchomoa mpira, akaufuta kwa spiriti, akauning’iniza kwa ajili ya mgonjwa mwingine.

Baada ya arobaini Tabu alirudi shambani. Akipalilia pamba, ile pumzi fupi fupi ya Raudha ilimjia. Haikutoka nje. Ilikuwa kwenye mshipa wa shingo yake mwenyewe, kila moyo ulipopiga. Aliubana mshipa kwa kidole. Pumzi ilingoja, akaachia, ikaendelea. Majirani walimwona amesimama katikati ya matuta, mkono shingoni, jembe chini, jua likimchoma.

Mwezi wa tatu tangu msiba, gari la mradi lilimfuata nyumbani. Daktari Januari alimpa pole, kisha akafungua faili. Majibu kutoka Ulaya yalikuwa yamefika.

“Habari njema, mama. Tumepima watu mia nne, hakuna aliyekufikia. Una miaka sitini na mmoja, lakini mishipa yako ni ya msichana. Utaishi sana.”

“Sana kiasi gani?”

“Miaka ishirini. Hata thelathini!”

“Thelathini,” Tabu alirudia. Kidole kilienda kwenye mshipa wa shingo, midomo ikimtetemeka.

Daktari alidhani ni furaha. Akatabasamu, akamwandikia tarehe ya kurudi.