Kipande cha Sebastiao

Hakuna mtu apendaye kukuta jina lake kwenye orodha ya marehemu, na Mzee Ismaili wa Likombe alilisoma lake mara tatu. Karatasi ilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa ofisi ya mtaa. Makaburi ya zamani ya reli, yale ya nyuma ya bandari, yatahamishwa ili pajengwe uwanja wa malori. Mwenye ndugu yake pale ajitokeze kabla Ijumaa haijaisha. Wasio na mtu watafukuliwa na kuzikwa pamoja, shimo moja. Majina yalikuwa kumi na tisa, na la kumi na moja liliandikwa hivi: Sebastiao, kuli wa reli, 1959.

"Una ndugu yako hapo, mzee?" aliuliza Bwana Frank, afisa aliyeletwa kusimamia kazi hiyo.

"Sina," akajibu, akageuka kurudi nyumbani kwa miguu.

Sasa tusizungushane. Sebastiao ndiye huyo huyo mzee, mzima wa afya, ana miaka themanini na sita. Aliyelala chini ya msalaba wenye jina lile ni Ismaili wa kweli. Waliolijua jambo hili wote wamekwisha kufa, amebaki yeye.

Vijana wa leo ukiwaambia Mtwara ilikuwa na reli wanakuangalia usoni kama umekula vibaya. Ilikuwepo, tena ya kweli. Gari moshi lilitoka Nachingwea na karanga, mbao na korosho, likaingia mpaka gatini meli za Ulaya zilipokuwa zikisubiri. Makuli walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku thelathini. Ukija kazini karani anakupigia alama. Ukikosa bila sababu wanakunyang'anya, na asiyekuwa na kipande ni mzururaji, anakamatwa. Basi makuli wakajitengenezea ujanja wao. Ukiumwa, mwenzio aliye mapumzikoni anakwenda na kadi yako na kukufanyia siku yako. Leo mimi, kesho wewe. Msimamizi wa Kizungu atajua wapi sura za watu mia tatu? Alijua kadi tu.

Sebastiao alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, amevuka mto kukimbia kazi za shuruti za Mreno. Yeye na Ismaili walikuwa chanda na pete. Jumapili moja Sebastiao akaenda ngomani Mikindani, akanywa uraka mpaka miguu ikamkataa. Asubuhi akamwomba mwenzake, "Nishikie siku yangu, ndugu yangu, kichwa kinapasuka." Ismaili akamcheka, akachukua kipande, akaenda. Saa nne, wakiunga mabehewa, moja likarudi nyuma likambana kifua. Mfukoni walimkuta na kadi ya Sebastiao. Karani akaandika alichokisoma, padri akaitwa, na kabla ya alasiri Muislamu yule alikuwa kaburini chini ya msalaba, hakuoshwa, hakuvishwa sanda, hakuswaliwa.

Sebastiao alizinduka na kusikia watu wakimlilia yeye.

Angesema ukweli, ingekuwa jela, halafu kurudishwa kwa Mreno. Makuli wenzake nao wakamsihi afunge mdomo, maana nusu yao walikuwa na vipande vya watu mifukoni. Akaenda kwa Mwanakombo, mke wa Ismaili, mwenye mimba ya miezi mitatu, akaanguka miguuni pake. Mwanakombo hakumfukuza, na wala hakumsamehe. Aliingia ndani akatoka na kipande cha mumewe.

"Kafanye kazi," alimwambia. "Mtoto wangu atahitaji baba."

Eda yake akaikalia kwa siri. Alichota maji na kwenda shamba kama mwanamke ambaye hakufiwa, na akitaka kulia aliinama jikoni kwenye moshi. Hilo ndilo lililomuuma mzee maisha yake yote, kuliko hata kile kifo. Alipozaliwa Hadija wakahamia Likombe, wakati huo ni pori tupu. Sebastiao akasilimu kwa moyo wake wote, wakafunga ndoa mbele ya shehe aliyejua kunyamaza. Mtoto mwingine hawakupata.

Sasa angeweza kunyamaza tena. Ijumaa ingepita, Ismaili angetupwa shimo moja na watu wasiojuana, na siri ingefukiwa humo humo. Nani angemuuliza? Lakini kunyamaza huko kulikuwa kumdhulumu rafiki yake mara ya pili. Na kusema ni kumpoteza Hadija, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa kumwita baba.

Alhamisi jioni Hadija alikuwa uani anamenya mihogo ya makopa. Ni mama mtu mzima, miaka sitini na nne, mjane, watoto wake wako Masasi na wajukuu wamejaa.

"Baba, uji umeuacha tena," alisema. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Kaa vizuri, mwanangu, nina neno la zamani."

Akamweleza yote bila kupaka asali, na uraka ule hakuuficha. Hadija alimenya mpaka mihogo ikaisha, kisha akabaki na kisu mkononi.

"Mama alijua?"

"Mama yako ndiye aliyenipa kadi."

"Na lile kaburi la rafiki yako Mkristo, ambalo kila mwaka tulikuwa tunakwenda ukalifyekee majani?"

"Ndilo."

"Ulikuwa unanikataza kuingia. Ulisema watoto wa Kiislamu hawakanyagi pale."

"Niliogopa, mwanangu. Nilihisi ukilikaribia kaburi lile atakujua."

Hadija akaweka kisu chini taratibu. "Basi mimi nimekua nimesimama nje ya uzio," alisema. "Hatua kumi tu kutoka kwa baba yangu, nakusubiri wewe umalize."

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagika kabla Hadija hajazaliwa. Mzee alitamani Hadija amtukane, amwite mwizi, apige kelele majirani wajae. Hadija aliinuka akaanika mihogo juu ya kichanja, akaingia ndani, akafunga mlango.

Asubuhi ya Ijumaa mzee akamkuta mlangoni amejifunga kitenge na ushungi, bajaji inanguruma nje. Wakapanda, wakaenda mpaka ofisini.

"Nimekuja kwa ajili ya namba kumi na moja," Hadija alimwambia Bwana Frank.

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Mtoto wake."

Frank akaangalia ushungi, akaangalia jina kwenye karatasi. Mzee akasogea mbele, akaegemea meza, akaeleza mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Kuna waliotikisa vichwa, na kuna mama mmoja aliyejifunika uso na mtandio. Shehe wa msikiti akaitwa, na maulizo yakachukua wiki nzima kabla ya kibali kutoka.

Mifupa iliyofukuliwa ilikuwa michache, ya rangi ya udongo wenyewe. Wakaivisha sanda, wakaiswalia, wakaizika Likombe kwa kuielekeza kibla, baada ya miaka sitini na tano. Hadija alimwaga mchanga kwa mikono yake mwenyewe baada ya wanaume kumaliza, akakataa kusaidiwa.

Pale pale kando ya kaburi Bwana Frank akafungua fomu zake.

"Jina sahihi la marehemu?"

"Ismaili bin Mustafa," alisema mzee.

"Na wewe shahidi, jina lako?"

Mzee akafungua kinywa. Jina alilolizoea alikuwa amekwisha kulirudisha kwa mwenyewe sasa hivi, kwa ulimi wake. Lile la zamani aliliacha pamoja na dini yake ya zamani, na watu walishalizika wakalilia. Akamtazama Hadija, mtoto aliyemfundisha kutembea, aliyemwoza, aliyemzikia mume. Hadija alikuwa anapangusa mchanga viganjani.

"Mwandike baba yangu wa kufikia," alisema.

Hakusema kwa hasira, na kwa sheria lilikuwa jina lake halali. Lakini miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo nyumbani kwake, na lilimchoma mzee mpaka ndani kabisa. Frank akaandika. Mzee anajua kuandika vizuri, ila aliomba wino wa kidole, akagandamiza gumba pale alipoonyeshwa, kisha akaanza kulia mbele za watu. Hadija akamshika mkono akamwongoza kati ya makaburi mpaka barabarani, kwa sababu alikuwa haoni njia.