Mwenye Kilio

Papa Grégoire aliuawa ndani ya nyumba yake mwenyewe, huko Cimpunda, mtaa wa Bukavu, akiwa ameikumbatia mashine yake ya kushona. Wezi walikuwa wawili. Walivunja mlango wa mbao, wakadai simu na pesa, wakapewa. Walipotaka na mashine, mzee akakataa kuiachilia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba. Mmoja akampiga chuma kichwani. Katika purukushani hiyo kitambaa kilimtoka mwizi usoni, na mke wa Grégoire, Maman Jeanine, aliyekuwa pale na binti yao, akamwona vizuri kwa mwanga wa simu aliyoishika mwenzake: kijana mdogo, mwenye kovu lililopasua nyusi ya kushoto.

Hapakuwa na wa kumshitakia. Tangu mji ulipochukuliwa na watu wengine wenye bunduki, polisi wa zamani walikuwa wamekimbia, mahakama zimefungwa, na gereza lilikuwa limebaki wazi hata waliokuwa ndani wakatoka zao. Vijana wa mtaa wakaanza kulinda wenyewe kwa filimbi na masufuria. Wakikamata mwizi, hawakumpeleka popote. Kila mtu wa Cimpunda alijua maana ya harufu ya tairi linaloungua asubuhi.

Maman Jeanine alikuwa kiongozi wa shirika, yaani ile jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Kwenye matanga ya mume wake alisimama mbele ya watu wote, kitenge cheusi kichwani, akasema kisasi ni cha Mungu, na kwamba hataki damu ya mtu imwagike kwa jina la Grégoire. Watu waliitika amina. Wengine walitokwa na machozi. Kuitika amina ni rahisi wakati adui hajulikani aliko.

Jumamosi moja, miezi kadhaa baadaye, Jeanine alikuwa ameketi mbele ya nyumba akichambua sambaza, wale dagaa wa ziwani, za kuuza, aliposikia kelele kutoka chini, upande wa bomba la maji. Baadaye kidogo Didier akapanda ngazi za udongo akihema. Didier alikuwa mtoto wa ubatizo wa Grégoire. Alijifunza kushona miguuni pake, na Jumapili aliimba besi kwenye kwaya. Sasa yeye ndiye aliyewaongoza vijana wa ulinzi.

“Maman, kuya,” alisema. “Tulishamupata.”

“Mulimupata nani?”

“Kuya tu, maman. Weye njo mwenyi kilio. Batu banakungoja.”

Alimfuata huku miguu yake ikiteleza kwenye matope. Umati ulimfungulia njia kama wanavyofunguliwa wafiwa. Katikati, karibu na bomba, kijana alikuwa ameketi chini, shati limechanika, damu imemwagikia shingoni. Mtu alikuwa tayari ameleta tairi. Kijana akainua uso. Nyusi ya kushoto ilikuwa imepasuliwa na kovu.

“Unamujua, maman?” Didier akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote. “Sema tu kama njo yeye. Kama haiko yeye, tutamuacha.”

Watu wakageuka kumtazama. Hata wanawake waliokuwa wakiteka maji wakafunga bomba.

Jeanine angeweza kusema si yeye. Neno hilo lilimjia hadi kwenye ulimi. Lakini kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwamba Mkristo hasemi uongo, hata pale ukweli unapomuumiza. Na tuseme yote: ndani yake kulikuwa na kitu kilichotaka kijana huyu ajulikane. Alitaka asikie mbele ya watu kwamba Papa Grégoire alikuwa na mke, na kwamba mke huyo alimwona. Alifikiri angesema ukweli kwanza, kisha, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kilio, mfiwa mwenyewe, angewakataza wasimguse, na wangemtii.

“Njo yeye,” alisema. “Lakini mimi—”

Hakuna aliyeisikia hiyo “lakini”. Kelele zilipanda kama bati linalong’olewa na upepo. Jeanine alijitupa mbele akipiga ukelele, “Musimuue! Minawakataza, musimuue!” Mwanamke mmoja akamvuta kwa kitenge akimwambia, “Maman, utaumia bure.” Akajinasua, akasukumwa, akaanguka kwa magoti kwenye maji machafu ya bomba. Aliona migongo tu, na mikono ikiinuka na mawe. Alisikia kijana akimwita mama yake mara moja, kisha hakumsikia tena.

Ilipokwisha, watu waliondoka upesi, bila kutazamana. Wengine walisahau bidoni zao za maji. Didier alibaki amesimama, mikono imemlegea pembeni kana kwamba si yake.

“Tulifanya ile juu ya papa,” alisema.

“Papa yako alishakufa, Didier,” Jeanine akamjibu kutoka pale chini. “Huyu alikuwa angali muzima.”

Siku zilizofuata hakuuza sambaza. Siku ya tatu alikwenda kwa padri wa parokia, akamwambia, “Mon père, nilisema ukweli, na mutu akakufa.” Padri, mtu mwenye umri wa kuwa mwanawe, alisugua miwani kwenye kanzu.

“Ukweli ulikuwa wako, maman,” alisema mwishowe. “Mawe hayakuwa yako.”

Jeanine aliona kwamba hayo ni maneno mazuri, na kwamba hayakumsaidia. Akauliza jina la kijana.

“Glody. Mama yake anaitwa Charlène, anakaa Nyamugo. Mwili uko kwake tangu jana, alipewa baada ya kuhangaika sana. Hakuna anayekwenda pale. Katekista ameogopa. Mimi nitakwenda kumzika, lakini matanga yenyewe hayana mtu.”

Jioni hiyo shirika lilikutana kwenye sebule yake. Benchi zilijaa kama kawaida, na Didier alikuwa ameketi karibu na mlango. Jeanine akawasomea pale Mtume Paulo anapowaambia Warumi wafurahi pamoja na wanaofurahi na walie pamoja na wanaolia. Akafunga Biblia. Desturi yao ilikuwa kila mmoja aseme neno lililomgusa, kisha wapange kazi moja ya kutenda katika juma.

“Kazi ya juma hii,” alisema, “ni kwenda kulia na Maman Charlène wa Nyamugo. Kesho asubuhi.”

Mzee mmoja akakohoa.

“Maman,” alisema taratibu, “ile iko kilio ya mwizi.”

“Minajua.”

“Na batu bataona tunaenda. Kesho watasema shirika yetu inaficha bajambazi.”

“Paulo hakuandika tulie na batu bazuri peke yao,” Jeanine akasema.

Didier akainuka, akatoka bila kuaga. Wengine wakabaki wakitazama sakafu. Wakasali Baba Yetu kwa haraka, wakaenda zao mmoja mmoja, na hakuna aliyesema atakuja.

Joviale, binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Akaja na kusimama mbele ya mama yake.

“Ulitaka aishi?”

“Ndiyo.”

“Alimuua papa! Nilikuwa pale, maman. Nilimushika papa kichwa, damu yake ikaingia mu nguo yangu. Na weye unaenda kumulilia?”

“Sitamulilia yeye. Nitalia na mama yake.”

“Kwangu ni kitu kimoja.” Akageukia chumbani. “Ile Biblia yako inajua kuhurumia kila mutu, ila sisi.”

Asubuhi Jeanine aliamka akakuta Joviale ameshafunga nguo zake katika mfuko na kwenda Nyantende, kwa shangazi yake.

Basi alikwenda Nyamugo peke yake, akibeba unga na maharage. Nyumba ilikuwa ya mbao, juu ya korongo lililojaa takataka, na ukuta mmoja ulikuwa umeanza kuinama. Nje palikuwa na viti vya plastiki vya kukodi, vyote vitupu. Ndani, mwanamke mwembamba aliketi kwenye mkeka kando ya jeneza lililofungwa. Padri aliagiza lifungwe, ili mama asiangalie.

“Karibu,” mwanamke alisema kwa mshangao. “Unatoka shirika gani?”

Jeanine aliweka mzigo chini. Angeweza kuketi tu na kunyamaza, akawa mgeni mwema asiye na jina.

“Natoka Cimpunda,” alisema. “Mimi ni mujane wa Grégoire, yule fundi wa kushona. Waliniuliza kama njo yeye. Nikasema njo yeye.”

Maman Charlène aliusukuma ule mzigo hadi mlangoni. Kisha akasema, “Toka mu nyumba yangu.”

Jeanine akatoka. Akaketi nje, kwenye kiti kimoja katika vile vitupu. Mvua ikaanza, nyembamba, ile ya Bukavu isiyoisha, naye hakuondoka. Wapita njia walimtazama, wakatambua ni nyumba gani, wakaharakisha. Jua lilipokuwa limeanza kushuka, mlango ukafunguliwa.

“Utaloana,” Maman Charlène alisema. “Ingia.”

Waliketi mkekani, jeneza likiwa kati yao na ukuta. Baadaye Charlène akaanza kusema, bila kumwangalia. Glody alikuwa mtoto wa tatu, na peke yake aliyebaki hai. Alisoma hadi mwaka wa nne wa sekondari. Nyusi aliipasua alipoanguka kwenye mti wa mparachichi. Alipofungwa, yeye mama alimpelekea chakula gerezani kila juma. Alipotoka, alimwambia arudi shambani Kabare kwa wajomba, naye akacheka.

“Nilijua anaiba,” alisema. “Sikujua alishaua. Unasema kweli aliua?”

“Nilimuona.”

Charlène alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti ambayo Jeanine aliitambua, maana ilikuwa imetoka kifuani mwake mwenyewe si zamani. Naye akalia. Hakujua tena analia kwa nani.

“Sijui kama nitakusamehe,” Charlène akasema, kitenge kikiwa bado usoni.

“Usinisamehe leo,” Jeanine alisema. “Uniache tu nikae.”

Kesho yake walimzika kwenye makaburi ya Ruzizi: padri, wachimbaji, mjomba mmoja aliyeshuka kutoka Kabare, na hao wanawake wawili. Udongo ulikuwa umelowa, na sepeto zilitoa sauti nzito. Padri alisoma kwa kifupi kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja tena. Wakati wa kushuka, Charlène aliteleza, Jeanine akamshika mkono, na Charlène hakuuondoa hadi walipofika barabarani. Hapo akauondoa.

Huko Cimpunda, shirika halikuvunjika, lakini lilimchagua kiongozi mwingine. Walimwambia apumzike kidogo, amechoka na msiba. Wateja wake wengine walianza kununua sambaza kwa jirani. Didier aliendelea kuimba kwenye kwaya kwa majuma mawili matatu. Jumapili moja, wakati wa kupeana amani, Jeanine alitoka kwenye benchi lake, akatembea hadi mbele na kumnyooshea Didier mkono. Kijana aliutazama mkono ule kana kwamba una kisu. Kisha alishuka kwenye jukwaa la kwaya, akapita katikati ya kanisa, akatoka. Hajarudi. Wanasema yuko Uvira, wengine wanasema amechukuliwa kuwa askari.

Joviale bado yuko Nyantende. Anajibu simu, anauliza kama mama amekula, anasema anaendelea vizuri. Jeanine akimwomba arudi, anasema mtandao ni mbaya.

Siku za Jumanne, kazi ikiwa ndogo, Jeanine huteremka Nyamugo. Charlène humpa kiti, wakati mwingine na chai. Hawazungumzi mengi. Mara moja tu Charlène alimuuliza kama kweli alipiga ukelele siku ile, kama kuna mtu hata mmoja aliyejaribu kumzuilia mwanawe kifo.

“Nilipiga,” Jeanine alijibu. “Hawakusikia.”

Charlène aliitikia kwa kichwa polepole, akamwongezea chai.