Mikono Mfukoni

Kaka yangu Arlo, mwanafunzi wa sekondari na mlezi wa timu yetu ya roboti, alikuwa na sheria moja kwetu sisi wa darasa la saba: mlezi hagusi roboti. Mlezi akigusa mezani, timu inatolewa, hakuna mjadala. Ndiyo maana siku za mashindano alisimama nyuma ya mstari na mikono mfukoni, ndani ya koti la kazi la marehemu baba. Sisi tulimtania kwamba anaficha peremende.

"Nikiuona mkono wako nje, naukata," Tobin alimwambia asubuhi ile ya Februari ukumbini. Tobin ni mfupi na ana mdomo.

"We washa kompyuta, acha kelele," Arlo akamjibu.

Mimi sikucheka. Wenzangu walitaka kombe, mimi nilitaka tufuzu tu kwenda mashindano ya jimbo, yale ya Machi. Aprili iliyopita, kule mgodini, baba alivutwa na ukanda wa kubebea mawe, akafa. Msimamizi wake, eti kwa huruma, akasema atamshikia Arlo nafasi ya baba mpaka mwisho wa Februari. Huruma gani hiyo! Mama alilia, akamsihi Arlo amalize kwanza msimu na watoto aliowalea. Arlo akaahidi. Na Arlo akiahidi, hata umshikie shoka habadiliki.

Basi mambo yalikuwa wazi. Tukifuzu, msimu unaingia Machi, nafasi anapewa mwingine, kaka yangu anamaliza shule. Tukishindwa, anaingia mgodi uleule.

Majira yote ya baridi nilifungua na kufunga mkono wa ile roboti hadi vidole vikachubuka. Arlo alikuwa akinitazama. "Kaisa, ni mchezo tu," alisema siku moja.

"Kwako wewe," nikamwambia.

Raundi mbili za kwanza tuliboronga vibaya. Gurudumu liliteleza, tukawa wa pili kutoka mkiani, na Mwalimu Lundgren akaanza kutugawia mikate ya nyama mapema, kama watu wa msibani. Raundi ya tatu, ya mwisho, na huhesabiwa ile bora tu, roboti ikatoka kama iliyolala vizuri. Ikapinda kona, ikainua daraja, ikanyakua mzigo. Tobin alikuwa amenishika mkono, ananong'ona, "Twende mama, twende, twende." Watu wakasimama. Ilibaki kurudi nyumbani tu, pale mezani ilipoanzia, njia nyoofu ambayo haijawahi kutushinda hata siku moja.

Nikageuka nimwone Arlo akifurahi. Mkono wake ulikuwa nje ya mfuko.

Akavuka mstari, akainama, akaiokota roboti mezani kama mtu anayeokota paka. Magurudumu yakaendelea kuzunguka hewani.

"Mlezi amegusa," refa akasema. Alikuwa mama mtu mzima, na sauti ilimtoka kwa shida. "Samahani, wanangu. Mmetolewa."

"Ilikuwa inaanguka," Arlo akasema.

Haikuwa inaanguka! Ukumbi mzima uliona. Lakini walikuwa wanamjua ni mtoto wa nani, wakamhurumia. "Presha hiyo, jamani, msimlaumu," Mwalimu Lundgren akasema. Tobin alilia hadi kamasi zikamfika kidevuni, na Arlo akampa leso bila kumtazama usoni.

Kwenye gari, Arlo akiendesha, nilisubiri mpaka tukapita kanisani.

"Haikuwa inaanguka."

Akabadilisha gia.

"Arlo! Nakuuliza!"

"Niliahidi kukaa mpaka msimu uishe," akasema. "Umeisha."

"Mshenzi wewe. Tobin je? Mimi je?"

"Mama anazima hita kuokoa pesa tukiwa shule, Kaisa. Anashinda na koti ndani ya nyumba. Nilirudi mapema siku moja nikamkuta anaosha vyombo amevaa glavu." Akapangusa kioo kwa mkono. "Mlikuwa mnashinda. Ningefanyaje?"

Hilo la mama sikulijua, na nilimchukia kwa kuniambia.

Jumatatu, kabla hakujapambazuka, mama alimfungia chakula kwenye kopo la baba. Hakulia, alifuta tu kifuniko, akakifuta tena. Nje, gari la wachimbaji lilikuwa linamsubiri huku linanguruma kwenye theluji. Arlo akavaa buti.

Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa nyuma ya mstari. Nilimkamata koti mlangoni kwa mikono yote miwili, nikamwambia usiende, kaka, nakuomba usiende, nitaacha shule mimi. Hakunikemea. Alinibandua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama alivyotufundisha kuchomoa waya bila kuukata. Kisha akaniwekea mikono kwenye mifuko ya sweta langu, akaipigapiga kwa juu, akatoka.