Sauti Nyuma ya Duka la Vitambaa

Mwaka wa tatu sasa Semeni alikuwa akishona barazani mwa duka la vitambaa la Jaydeep, mjini Morogoro. Kila Jumamosi saa nane Jaydeep hufunga mlango wa mbele, na punde husikika kutoka nyuma sauti ya kukoroma, kama mtu anayekabwa koo. Agnes, fundi mwenzake, alishakata shauri: hayo ni mashetani, tena ya kufugwa.

"Mashetani gani yana ratiba?" Semeni alimwuliza.

"Hayo ndiyo mabaya, shoga. Yasiyo na ratiba ni wahuni tu."

Semeni alicheka, ila sikio aliliacha kule kule. Kesho yake mjomba Athanas angekuja kutoka Mlali. Barua ya posa ya Eustace, mchumba wake Semeni, ilikuwa mikononi mwa mjomba, na kwao mjomba ndiye mwenye neno. Lakini alishamwambia, "Nitajibu utakachosema wewe. Mchunguze." Eustace alikuwa mpole, kibarua wa kiwandani. Kasoro yake moja: Jumamosi haonekani. Ovataimu, alisema.

Jumamosi hiyo Semeni alizunguka uani kuchota maji ya pasi. Penye mlango wa nyuma palikuwa na jozi tatu za viatu, maana kwa Jaydeep hakuna anayeingia navyo. Jozi ya katikati ilikuwa na kiraka kisiginoni. Kiraka hicho alikishona yeye.

Hakubisha. Alisimama na ndoo yake, akasikiliza. Kwanza ilikuwa ile ile ya kukoroma. Kisha chini yake akasikia magitaa mawili yakienda pamoja, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, huyu akishusha yule anainua. Wimbo wenyewe ulikuwa wa majonzi. Ungeweza kumbembelezea mtoto, lau yule anayekoroma angenyamaza.

Jaydeep akafungua mlango. "Dada Semeni, kelele zimezidi?"

"Shikamoo, bosi. Hapana. Nataka kuona."

Ndani walikuwamo Abuu wa bodaboda, spika mbili, na Eustace, macho chini. Jaydeep alimwonyesha kaseti iliyochakaa mpaka picha yake imebaki weupe. Binamu yake alimletea kutoka Ulaya, yapata miaka thelathini iliyopita.

"Waswidi hawa, bendi ya roki nzito, ile ya kuimba kwa kukoroma," alisema. "Wanaopiga hivi leo, hata Nairobi hapo, ukichimba unawakuta hawa chini."

"Wanasema nini?"

"Wanalalamikia baridi," Abuu akadakia.

Jaydeep alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi.

"Na wewe, Eustace?" Semeni aliuliza.

"Mwaka aliofariki mama nilishindwa kulia. Huu wimbo ndio ulionitoa machozi."

Semeni alimtazama sana, akaamini.

"Na ovataimu?"

"Niliogopa utasema mashetani."

"Ningesema. Kisha ningeuliza, ungenijibu, yakaisha. Umenificha miezi minane, Eustace."

Abuu akapunguza sauti.

"Ongeza tu," Semeni alimwambia. "Muziki hauna kosa." Akachukua ndoo yake, akatoka.

Kesho yake alimmiminia mjomba chai kabla ya kuulizwa.

"Nilidhani ana mashetani. Hana, mjomba. Ni muziki, na si mbaya."

"Basi nijibu ndiyo?"

"Usijibu kwanza. Jambo zuri kanificha miezi minane, baya sijui atalificha wapi. Niachie mpaka tuvune maharage, nimtazame."

Mjomba Athanas akaikunja barua, akairudisha mfukoni, akaomba sukari.